Maswali ya Wasomaji: Viti Vimejaa, Wanafunzi Wako Wapi?

Barua nyingi za toleo hili zimegusa jambo moja kwa sura tofauti: waumini wanaokuja kanisani kupokea huduma na kuondoka bila kuwa wanafunzi wa Kristo, na makanisa ambayo yamewazoesha hivyo. Tumechagua sita, za madhehebu tofauti. Tumezifupisha, na tumeondoa majina ya waandishi na ya makanisa yao.

Tumeongeza ibada, wahudumu ni walewale

*Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika wa Kilutheri pembezoni mwa Dar es Salaam. Zamani tulikuwa na ibada moja, sasa tuna tatu. Tumenunua vyombo vya muziki, spika na skrini. Watu wamejaa kweli, lakini kazi zote zinafanywa na watu walewale 15. Tukitangaza kutembelea wagonjwa wanatokea wawili. Kwaya ya usharika jirani ikitoa albamu, vijana wetu wanahamia huko. Tumekosea wapi?*

Asifiwe sana, mzee wetu. Kununua spika si kosa; umati wa kiasi hicho hauwezi kusikia Neno bila chombo. Kosa ni kuamini kwamba mtu akishavutwa na ibada nzuri atakua mwenyewe kadiri anavyozidi kuhudhuria.

Imani hiyo ilijaribiwa kwa nguvu zote na kanisa la Willow Creek, lililoanzishwa mwaka 1975 katika vitongoji vya Chicago, Marekani. Walijenga kila kitu kwa kumfikiria mtu asiyependa kwenda kanisani: muziki, maigizo, mahubiri yanayogusa maisha ya kila siku, vipindi vya kila rika. Maelfu kwa maelfu walikuja, na makanisa ya nchi nyingi yakaiga. Kisha viongozi wake wakawahoji waumini wao kwa kina, na mwaka 2007 wakatangaza matokeo bila kuyaficha: kushiriki vipindi vingi vya kanisa hakukuonyesha kwamba mtu anazidi kumpenda Mungu na jirani. Tena waliokomaa zaidi walikuwa miongoni mwa wasioridhika, na baadhi yao walikuwa wanafikiria kuondoka. Kilichoonekana kumkuza mtu kuliko vingine ni yeye mwenyewe kusoma Maandiko na kuyatafakari. Tunawaheshimu kwa kusema hadharani jambo lililowaumiza. Sisi tunaonunua leo walichokinunua wao miaka ya 1980 tungefanya vizuri kuwasikiliza.

Yohana sura ya 6 inaonyesha hali hiyohiyo. Watu elfu tano wamekula mikate, kesho yake wanavuka ziwa kumtafuta Yesu, naye anawaambia wazi kwamba wanamtafuta kwa sababu walikula wakashiba. Sura inapokaribia kuisha, wengi wamerudi nyuma. Yesu hakuwafuata na mikate mingine. Aliwageukia wale Thenashara, wanafunzi wake kumi na wawili, akawauliza kama nao wanataka kuondoka.

Sasa kazi yenyewe. Anzeni na hesabu ambayo usharika wenu huenda haujawahi kuifanya. Acheni kwanza idadi ya waliohudhuria na kiasi cha sadaka. Kila mzee apewe familia nane hadi kumi za mtaa wake, azitembelee zote ndani ya mwezi mmoja, na arudi na majibu ya maswali matatu tu: Una kazi gani hapa usharikani unayoifanya bila kuombwa kila mara? Nani anakufuatilia, anayeweza kukuuliza unaendeleaje na Mungu nawe ukamjibu kweli? Na wewe unamfuatilia nani? Andikeni majibu bila kuyapamba. Hesabu hii inauma, lakini ndiyo itakayowaambia mko wapi.

Pili, acheni kuomba watu kwa matangazo. Tangazo la "wenye nafasi wajitokeze" linasikiwa na watu 500, na kila mmoja anaamini limemhusu mwingine. Mfuate mtu mmoja baada ya ibada, mtaje kwa jina, mpe kazi ndogo yenye mwanzo na mwisho: "Mama Neema, tunaomba wewe na Baba Joshua mwatembelee wagonjwa hawa wawili kila Jumamosi, kuanzia sasa hadi Pasaka." Kazi isiyo na mwisho inaogopwa, na kwa sababu nzuri: watu wameona aliyekubali kuwa mhazini wa muda akizeeka nayo.

Tatu, na hapa tuseme bila kuzunguka: wachunguzeni na wale 15. Mara nyingi watu wapya hawahudumu kwa sababu funguo, vipaza sauti na vyeo viko kwa watu walewale kwa miaka mingi, na mgeni akishika ufagio anaulizwa nani kamtuma. Kila mmoja wa hao 15 atafute mtu wa kufanya naye kazi bega kwa bega kwa miezi mitatu, kisha amwachie na kubaki karibu kumsaidia. Asiyeweza kumpata mtu wa kumrithisha, au asiyetaka, ndiye mnayepaswa kuanza naye mazungumzo. Waefeso 4:12 inasema wachungaji na waalimu waliwekwa ili kuwakamilisha watakatifu, hata kazi ya huduma itendeke. Mchungaji anayefanya kila kitu peke yake anawanyima washarika kazi yao, hata kama wanamsifu kwa bidii yake.

Kuhusu vijana wanaofuata kwaya: msishindane kwa albamu. Kijana mwenye watoto kumi wa Shule ya Jumapili wanaomsubiri kila wiki hahami kirahisi.

Wanakuja jumuiya kufuata barua tu

*Tumsifu Yesu Kristo. Ni katibu wa jumuiya ndogondogo, Morogoro. Daftari lina familia 22. Kwenye sala ya Jumamosi tunakuwa watu saba, wengi akina mama. Lakini mtu akitaka kubatiza mtoto au kufunga ndoa, anakuja mbio tumwandikie barua ya kwenda parokiani. Wanajumuiya wamependekeza faini ya shilingi 2,000 kwa kila Jumamosi ambayo mtu hakuja. Ni sawa?*

Milele amina. Faini hapana, ndugu katibu. Mkiweka faini, mwenye pesa atalipa malimbikizo ya mwaka mzima kwa mkupuo na kuondoka na barua akiwa na dhamiri safi. Maskini ataona aibu na kuhamia mahali pengine. Mtakuwa mmeifanya sakramenti kuwa kitu cha kununuliwa, na wateja mnaowalalamikia mtakuwa mmewatengeneza ninyi.

Barua ya jumuiya ni ushuhuda. Mnasema mnachokijua kuhusu huyu mtu. Kama hamumjui, jibu si kumnyima wala kumwandikia uongo, ni kumfahamu. Akija, mpokeeni vizuri. Ndani ya wiki moja mwenyekiti na mwanajumuiya mwingine wamtembelee nyumbani, si kumhoji kama polisi bali kumjua: anafanya kazi gani, anatoka saa ngapi, ndoa yake ikoje, kwa nini hakuwa anakuja. Mtashangaa ni wangapi wanafanya kazi Jumamosi, au walikuja mara moja wakatangaziwa mchango wasioumudu. Muombeni aanze kushiriki na mkewe au mchumba wake katika kipindi cha mafundisho ambacho parokia imekipanga, na mmoja wenu awe mwenzake wa njia katika muda huo. Uamuzi wa sakramenti ni wa paroko, si wa katibu. Na mtoto akiwa mahututi hakuna cha barua: katika hatari ya kifo mtu yeyote anaweza kubatiza.

Tukumbuke jumuiya hizi zilianzishwa kwa nini. Maaskofu wa Afrika Mashariki kupitia AMECEA, umoja wa mabaraza yao, walizifanya kipaumbele cha kichungaji katika mikutano yao ya mwaka 1973 na 1976, ili Mkristo aishi imani yake mahali anapoishi, na majirani wanaojua kwamba anagombana na mkewe. Hazikuanzishwa kuwa ofisi ya mihuri.

Na kabla ya hapo Kanisa la eneo hili lilishajua thamani ya kumwandaa mtu taratibu. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Wamisionari wa Afrika, aliagiza mtu aandaliwe miaka minne kabla ya ubatizo. Wamisionari hao waliondoka Buganda mwaka 1882 na kukimbilia kusini mwa Ziwa Victoria. Waliporudi mwaka 1885 walikuta waamini wameongezeka, bila padre hata mmoja. Mwaka uliofuata, wakati wa mateso, Karoli Lwanga, mlei, ndiye aliyewabatiza wakatekumeni kadhaa, yaani watu waliokuwa wakiandaliwa kwa ubatizo, walipoona kifo kiko mlangoni. Watu wa namna hiyo hawatokani na barua.

Sasa tazameni Jumamosi yenu. Tunaomba mpime kwa saa: dakika ngapi ni Neno, na dakika ngapi ni michango? Kama michango inakula zaidi ya robo ya muda, mmeshapata sababu moja ya wanaume kutokuja. Ile njia ya Hatua Saba iliyotoka taasisi ya Lumko, Afrika Kusini, inatosha kwa saa moja ikifuatwa kwa uaminifu. Mtu mmoja anamkaribisha Bwana kwa sala fupi. Injili inasomwa polepole. Kila anayeguswa anataja neno au sentensi iliyomgusa, anairudia mara mbili au tatu, bila kuieleza. Mnakaa kimya dakika tatu hadi tano. Mnashirikishana kila mmoja alichosikia moyoni. Mnajadili kazi ambayo Neno linawatuma kuifanya wiki hii. Mnamaliza kwa sala za hiari.

Inaharibika mahali pawili. Hatua ya tano inageuka mahubiri: mmoja anashika dakika kumi na tano kuwaeleza wengine wanachopaswa kufanya. Kiongozi amkatishe kwa upole na kumuomba aseme "mimi" badala ya "ninyi". Hatua ya sita inarukwa kabisa, au inajazwa na matangazo ya parokia. Hii ndiyo roho ya mkutano. Iandikeni kwenye daftari: nani, atafanya nini, kwa nani, lini. "Petro na Anna watampelekea bibi wa nyumba ya pili maji Jumanne na Ijumaa." Jumamosi inayofuata, kabla ya kitu kingine chochote, ulizeni imefanyika? Mwanaume ambaye hawezi kukaa saa moja kwenye rozari atakuja kuezeka paa la mjane, na akishakuja atabaki kusikiliza.

Mafuta ya upako ya shilingi 10,000

*Nina miaka 29, nauza nguo Mwanza. Jumapili nasali kwetu Anglikana, Jumatano naenda kwenye huduma moja kuombewa biashara. Huko nanunua chupa ndogo ya mafuta kwa 10,000 kila wiki. Mama ananiambia naabudu mafuta. Lakini kanisani kwetu hakuna anayeniombea. Nakosea?*

Dada yetu, hukukosea kutaka kuombewa. Soma Yakobo 5:14: "Mtu wa kwenu amekuwa hawezi? Na awaite wazee wa kanisa. Nao wamwombee, na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana." Angalia mambo matatu hapo. Wanaoitwa ni wazee wa kanisa lake, watu wanaomjua na watakaoendelea kumjua wiki ijayo. Mafuta hayana bei. Na mstari wa 16 unaendelea na kuungamiana dhambi na kuombeana, yaani uhusiano ambao hauwezi kufungwa kwenye chupa. Katika Matendo 8, Simoni alipoleta fedha ili apate uwezo wa kutoa Roho kwa kuwawekea watu mikono, Petro alimkemea kwa maneno makali kuliko mengi yaliyomo kwenye kitabu hicho.

Tusiseme haya kama mambo madogo. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa, wakiwamo watoto, walipokanyagana wakikimbilia kupita juu ya mafuta yaliyoitwa ya upako. Mtu akishaaminishwa kwamba baraka iko kwenye kitu, na kwamba wa kwanza ndiye atakayeipata, jirani yake anakuwa kizuizi njiani.

Fanya hivi. Piga hesabu: 10,000 kwa wiki ni karibu 520,000 kwa mwaka, na hiyo ni sehemu ya mtaji wako. Acha kununua kwa miezi mitatu, fedha hiyo irudi kwenye biashara, na uandike mtaji, mauzo na madeni yako kila siku. Wafanyabiashara wengi wadogo wanaombea biashara ambayo hawajui kama inapata faida. Wiki hii mwone kasisi wako, mwambie kwa maneno haya: "Naomba niombewe, na naomba mtu wa kuniombea mara kwa mara." Akikuahidi na asifanye, rudi kwake. Na kama unatumia dawa za hospitali, za presha, kisukari au virusi vya UKIMWI, usiache hata dozi moja kwa sababu ya maombi ya mtu yeyote. Anayekuambia uache anahatarisha maisha yako.

Kwa makasisi na wachungaji wanaosoma hapa: barua hii inawahusu kuliko inavyomhusu yeye. Baada ya kila ibada waacheni wazee wawili, mwanamume na mwanamke, mbele ya kanisa kwa dakika 20, wamwombee kila anayekuja kwa jina lake na hitaji lake, bila sahani ya sadaka karibu. Mkifanya hivyo, wengi hawatakuwa na haja ya Jumatano ya mahali pengine.

"Una roho ya mteja"

*Nimehama makanisa mawili ndani ya miaka minne. Sasa nimeuliza mapato na matumizi ya ujenzi, mchungaji amesema madhabahuni kwamba watu kama mimi wana roho ya mteja, wanataka kuhudumiwa. Nikae au niondoke? — Msomaji, Nakuru*

Kuna mambo mawili hapa na yametiwa kwenye gunia moja. Kuuliza fedha za kanisa zimekwendaje si uteja. Ni wajibu wa mtu wa nyumbani. Paulo alipopeleka mchango Yerusalemu alihakikisha wapo ndugu wengine wa kushuhudia, akitaka mambo yawe sawa mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia (2 Wakorintho 8:20-21). Kanisa linaloheshimu washirika wake linasoma taarifa ya mapato na matumizi angalau kila robo mwaka, lina watia sahihi wawili au watatu benki, na wanaohesabu sadaka ni zaidi ya mmoja na hawatoki nyumba moja. Mchungaji anayejibu swali la hesabu kwa kumtaja mtu madhabahuni ametumia vibaya nafasi yake, na tunasikitika kwamba lugha ya uanafunzi inatumika kuwanyamazisha watu.

Ipo mizigo ambayo hakuna anayepaswa kuivumilia kwa jina la uaminifu: unyanyasaji wa kingono, vitisho vya laana kwa wanaouliza, fedha zinazofichwa hata baada ya kuulizwa rasmi, mafundisho yanayomweka mtu mahali pa Kristo. La kwanza ni jinai. Liende polisi kwanza, si kikao cha wazee.

Lakini tukuulize na wewe kama ndugu: makanisa mawili ya kwanza uliyaacha kwa nini? Kama ni ibada ndefu, kwaya dhaifu, au kutokusalimiwa, basi mchungaji amekosea namna ya kusema lakini kuna kitu cha kukitazama. Aliyezoea kuondoka kila anapochukizwa hapati nafasi ya kujifunza kusamehe, kwa sababu kusamehe kunahitaji mtu uliyekosana naye awe bado yuko karibu.

Kwa hiyo: andika swali lako la fedha kwa baraza la kanisa, kwa adabu, ukiwa na washirika wengine wawili. Subiri mwezi mmoja. Ukipuuzwa, peleka ngazi ya juu ya dhehebu kama ipo. Ukiamua kuondoka, muage mchungaji ana kwa ana, kabidhi kazi uliyokuwa nayo, chukua barua ya utambulisho. Huko uendako, usichague kwa kusikiliza mahubiri matatu. Uliza nani hukagua hesabu, mchungaji anawajibika kwa nani, na nani atakujua kwa jina. Baada ya miezi mitatu uwe umejiandikisha na una kazi ya kufanya.

Nianzeje vikundi vya uanafunzi?

*Ni mchungaji wa kanisa la Kipentekoste, washirika 120, wilayani Mbeya. Nataka kuanza uanafunzi. Nilijaribu darasa la kila Jumatano, walianza 60, wakaisha. Nipeni utaratibu unaofanya kazi.*

Mchungaji, darasa la watu 60 ni ibada nyingine kwa jina jingine. Wanasikia, hawaulizwi. Anza na wachache hadi ujisikie vibaya.

Yohana Wesley na Wamethodisti wa kwanza waliligundua hili kwa njia isiyotarajiwa. Februari 1742 huko Bristol, Uingereza, walikuwa na deni la jengo. Walikubaliana kila mmoja atoe peni moja kwa wiki, wakagawanywa watu kumi na wawili kumi na wawili, na kila kundi likapewa kiongozi wa kuwazungukia kukusanya. Viongozi walipoingia nyumbani walikuta ulevi, ugomvi, watu waliokata tamaa. Wesley akaona kwamba hicho ndicho alichokuwa akikikosa: mtu wa kumtazama kila mwanachama kila juma. Baadaye makundi yakaanza kukutana pamoja, na kila robo mwaka mtu alipewa tikiti mpya baada ya kuangaliwa mwenendo wake. Deni la jengo likazaa uti wa mgongo wa harakati nzima.

Kwako, chagua watu watatu au wanne, si zaidi, wanaume kwa kundi la wanaume. Mkeo au mama mmoja aliyekomaa achukue wanawake idadi hiyohiyo. Usiwachague wenye vyeo wala wenye pesa. Chagua wanaofika walipoahidi, maana 2 Timotheo 2:2 inataka waaminifu watakaofaa kuwafundisha na wengine. Usitangaze madhabahuni. Mwite kila mmoja peke yake na umwambie gharama kabla hajakubali: dakika 90 kila wiki, mwaka mmoja, siku na saa zisizobadilika, asiyefika atoe taarifa. Wakulima wenu wanajua msimu, kwa hiyo msianze wakati wa kupanda. Anzeni baada ya mavuno ili mizizi ishike kabla mvua hazijaanza.

Dakika 90 zigawe hivi. Ishirini za kwanza kila mmoja ajibu: nilisema nitafanya nini wiki iliyopita, na nimefanya? Msiruke hapa hata mkiwa mmechelewa. Arobaini za Neno: Injili ya Marko ina sura 16, chukueni nusu sura kwa kikao na itawatosha miezi tisa hivi, pamoja na wiki za mapumziko. Msome, mseme kwa maneno yenu kilichotokea, kisha kila mmoja ataje jambo moja la kutii, dogo na lenye tarehe. "Nitamlipa Musa deni lake la 30,000 kabla ya Ijumaa" ni utii unaoweza kuulizwa. "Nitazidi kumpenda Mungu" haiwezi kuulizwa. Ishirini za maombi ya kutajana kwa majina. Kumi za mwisho mnapanga kazi ya pamoja. Mara moja kwa mwezi acheni kikao, nendeni mkafanye: gerezani, wodini, kwa mshirika aliyepotea. Miezi mitatu ya mwisho shughulikieni mambo yanayowaangusha watu wenu hasa: fedha na mikopo, ndoa, ushirikina, msamaha kati ya ndugu wa shamba moja.

Mwezi wa tisa kila mmoja aanze kutafuta watu wake watatu. Mwaka ukiisha, kundi livunjike hata kama mnapendana. Usipolivunja litakuwa klabu.

Yanayoharibika tumeyaona yakirudia sana. Kundi linageuka kikoba, watu wanahesabu hisa badala ya kuulizana; kikoba ni kitu kizuri, kikae siku yake. Kiongozi anahubiri, jipime usizidi theluthi moja ya maneno yote. Siri inatoka nje. Ikitoka mara moja tu kundi limekufa, kwa hiyo siku ya kwanza kubalianeni kwamba linalosemwa ndani haliendi hata kwa mke au mume, isipokuwa palipo na hatari ya mtu kuumizwa. Mazungumzo yanahamia kwenye kundi la WhatsApp, ambako kila mtu anatuma "Amina" na hakuna anayejibu swali. Na mmoja kati ya wanne anaweza kuacha njiani. Mtembelee, sikiliza, usimtaje madhabahuni, na uendelee na waliobaki.

Ukifuata hivi, mwaka wa kwanza utakuwa na watu wanane labda, na baraza lako litakuuliza kwa nini unatumia muda mwingi kwa wachache. Waonyeshe Marko 3:14: aliweka kumi na wawili "wapate kuwa pamoja naye", ndipo awatume kuhubiri. Mwaka wa pili mnaweza kuwa 24, wa tatu idadi inayotosha kulibadilisha kanisa la watu 120 kutoka ndani.

Ibada kwa simu

*Mimi ni muuguzi, zamu zangu mara nyingi ziko Jumapili. Nafuatilia ibada kwa simu, natuma sadaka kwa simu. Inatosha? — Msomaji, Dodoma*

Kwa siku ya zamu, ndiyo, na usijihukumu. Kumhudumia mgonjwa ni kazi ya Mungu. Kwa mwaka mzima, hapana. Simu inakuletea mahubiri na kupokea sadaka yako, lakini haiwezi kukuletea Meza ya Bwana, wala haitajua kama umelia. Mpe kiongozi wa jumuiya yako ratiba ya zamu kila inapotoka, muombe apange kikao kimoja kwa mwezi siku uliyo huru, hata kama ni jioni ya katikati ya wiki na mko watatu. Muombe mchungaji Meza ya Bwana siku hiyo. Na wauguzi wenzako wenye zamu kama zako, watafute: wawili au watatu mnaweza kusoma Neno kwa dakika 15 kabla ya kuingia kazini, bila kuchelewesha makabidhiano.